Mwanasha Wawili

Karibu, keti hapa, nitaeleza polepole. Ikiwa hujapata kugusa kompyuta maishani mwako, usitie shaka. Penye neno la kazi nitasimama nikufafanulie, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kutoka darasani na swali ambalo sikulijibu. Hii ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka nilioanza kazi katika chuo cha ufundi kando ya barabara ya Msambweni, na ni habari ya mtu aliyenifundisha kazi inayonilisha mpaka leo. Aliitwa Bakari. Tumemzika kijijini kwao Munje mwezi uliopita. Maiti ililetwa kutoka Mackinnon Road, alikokuwa akiishi, ikafika kabla ya adhuhuri, na sisi wanawake tulikuwa tumeketi chumbani juu ya mikeka, udi unafuka pembeni, kanga ziko vichwani, mjane wake katikati. Dirisha la chumba kile lilikuwa na wavu tu, halina kioo, kwa hiyo kila kilichosemwa barazani kilitufikia. Jeneza liliponyanyuliwa, imamu aliwauliza wanaume kama inavyoulizwa siku zote, "Ndugu zangu, mwamshuhudiaje marehemu?" Wakaitika kwa sauti moja, "Mtu mwema!" Akauliza tena, wakaitika tena. Kisha nikasikia nyayo zao zikienda. Sisi tuliokuwa ndani hatukuulizwa, na si desturi tuulizwe. Lakini mimi nilipata kuulizwa ushahidi juu ya Bakari alipokuwa hai, amesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa, na jibu nililolitoa ndilo ninalokuja kukueleza.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Chuo kilituchukua watu wawili kuangalia kompyuta, mimi na Bakari, na siku ya kwanza mkuu wa chuo alituweka mbele ya meza yake akasema bila kuzunguka, "Nafasi ni moja. Mtafanya kazi pamoja mwaka mzima, kisha nitamthibitisha mmoja." Bakari alitabasamu kama mtu aliyeambiwa kuna mvua. Yeye alikuwa ametengeneza kompyuta katika hoteli moja kule Diani kwa muda mrefu, na alijua mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyasoma tu kwenye karatasi. Kila mtu pale chuoni alijua nafasi ni yake, na mimi nilijua kuliko wote. Nataka ulishike hilo tangu sasa, usije ukadhani mbele ya safari kwamba nilikuwa na haki iliyonyang'anywa.

Chumba tulichopewa kilikuwa stoo ya zamani ya idara ya ushonaji. Kilinuka mafuta ya cherehani hata baada ya kupigwa deki mara tatu. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye karai, na ukutani zilibaki sanamu mbili za kupimia nguo, hazina vichwa, ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Bakari alitundika kofia yake kwenye shingo ya mojawapo kila asubuhi na kuiamkia, "Shikamoo bibi, umelalaje?" Katikati ya chumba ilikaa seva, kompyuta kubwa nzito tuliyopewa na wafadhili, peke yake, na kazi ilizotakiwa kufanya zilikuwa tatu: kuhifadhi alama za wanafunzi, kuendesha orodha ya maktaba, na kubeba tovuti ya chuo. Kazi tatu zisizopatana, kila moja inataka kompyuta yake. Ndipo nilipojifunza habari ya mashine pepe.

"Dada Mejumaa," aliniambia Bakari, "umewahi kupanga chumba Ukunda?"

"Nimepanga. Nyuma ya soko. Ukipiga chafya wanakuombea dua vyumba vitatu."

"Basi ushajua nusu ya kazi. Seva hii ni nyumba. Tunaigawa vyumba. Kila chumba ndiyo mashine pepe, ni kompyuta kamili, ina diski yake, ina kumbukumbu yake, na aliye ndani anadhani nyumba nzima ni yake."

"Hamsikii jirani?"

"Hamsikii. Hata harufu ya mchuzi haipiti. Ndiyo tofauti na Ukunda."

Nikacheka, naye akaendelea kwa utaratibu ule ule ambao leo watu wanausifu kwangu wakidhani ni wangu. Kwanza, alisema, tuiulize prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kama inakubali kugawanywa, maana nyingine hazikubali. Aliandika amri moja kwenye dirisha jeusi, jibu likarudi sifuri. Mimi nilidhani tumeshindwa, nikaanza kusikitika. Yeye akazima, akawasha, akaingia kwenye mipangilio ya ndani ambayo huonekana kabla Linux, mfumo unaoiendesha seva, haijaamka, akakuta uwezo huo umefungwa tu na waliotutangulia. Akaufungua. Tulipouliza tena, jibu lilikuwa nane, yaani sehemu nane za ubongo ule zimekubali. Kisha akaweka vitu vitatu, na akanitaka nivitamke kimoja kimoja. KVM, inayokaa chini kabisa na kujenga kuta za vyumba. Libvirt, ambayo ni mwangalizi wa nyumba, mwenye funguo zote. Na virt-manager, ambayo ni dirisha la kibarazani unapokwenda kumwambia mwangalizi, nifungulie kile, nizimie hiki, nionyeshe nani yuko ndani. Hicho cha tatu, alisema, si lazima kikae kwenye seva. Akakiweka kwenye kompyuta yangu ya maabara, vyumba viwili kutoka pale, ili niisimamie seva nikiwa nimeketi kwangu. Mtandao ulikuwa mzito siku hiyo, na kabla vifurushi vya programu havijamaliza kushuka, tulikuwa tumekwenda kula na kurudi.

Ili dirisha langu lifike kwenye seva lilihitaji akaunti ya kuingilia. Bakari alikuwa na yake. Kunifungulia ya kwangu kulitaka barua isainiwe na mkuu wa chuo, na mkuu alikuwa Mombasa wiki hiyo. "Tumia yangu kwanza," akasema, akaniandikia nywila yake, neno lake la siri, kwenye kiganja kwa kalamu, kwa kuwa hapakuwa na karatasi karibu. "Ukiishika kichwani, nenda ukaoshe mkono." Niliosha mkono. Barua hatukuiandika kamwe. Mwaka mzima niliingia kwenye seva kwa jina la Bakari, na hata mara moja hakuniuliza nimefanya nini humo.

Tulikula kwa Mama Saumu, mpishi wa kantini ya chuo, mwanamke wa Funzi mwenye ulimi usiolala. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na papa, na siku ambazo papa hakupatikana, muhogo wa nazi wenye pilipili ya kutoa machozi. Sisi tulikula sahani moja, kwa sababu tulizoea kuja pamoja na kuondoka pamoja, na Mama Saumu hakuliacha jambo hilo lipite. "Nafasi moja, watu wawili, sahani moja!" aliwapigia kelele waalimu wa ufundi wa magari waliokuwa meza ya pili. "Hawa hawana akili. Mejumaa, mwanangu, niambie nimtilie kitu kwenye mbaazi alale wiki nzima." Bakari akamjibu huku akimega hamri, "Mtilie, Mama Saumu, lakini tia na sukari." Wale waalimu wakacheka. Mmoja wao, mtu wa bara, akasema, "Bakari, wewe ni fala, huyu msichana atakumaliza." Bakari akasema, "Akiniweza kwa kazi, ni haki yake." Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sura ya aliyeyasema, na kila mara nasikia lile neno la kwanza, akiniweza. Sikumweza. Mpaka siku aliyotoka pale sikuwa nimemweza kwa jambo lolote.

Sasa sikiliza vizuri sehemu ya majina, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mashine pepe hupewa jina. Ile ya maktaba tuliiita maktaba, ile ya tovuti tukaiita tovuti. Ile ya alama za wanafunzi Bakari aliipa jina la nyanya yake, Mwanasha, kwa kuwa nyanya yake alikuwa akijua mpangilio wa kuzaliwa kwa kila mtoto wa Munje, nani alimtangulia nani na kwa miezi mingapi, bila kuandika popote. "Hasahau mtu," alisema, "na hii isisahau mtu." Mwezi huo huo, kabla alama zozote hazijaingizwa, alinitengenezea nakala ya mashine ile kwenye kompyuta yangu, niwe naichezea na kuiharibu nitakavyo, nijifunze. Nilitaka kuiita jaribio. Akaniangalia kama mtu aliyeona mtoto anapewa jina la mbuzi.

"Huyu si mjukuu? Katoka kwa Mwanasha, ataitwaje?"

"Mwanasha," nikasema.

"Basi."

Wewe kama si wa kwetu utaona ni uzembe. Kwetu mjukuu hupewa jina la nyanya, na katika ua mmoja waweza kuwakuta akina Mwanasha wanne, mzee, msichana, mwanafunzi na mchanga wa mgongoni. Hakuna anayechanganyikiwa. Ukiita, kwa sauti tu kila mmoja anajua ni yupi anayetakiwa, na akiitika asiye ndiye, mwacheka na kuendelea kupara samaki. Libvirt haikubali mashine mbili za jina moja katika nyumba moja, lakini hizi zilikuwa nyumba mbili, seva na kompyuta yangu, kwa hiyo ilikubali bila kusema neno. Katika dirisha langu la virt-manager zilionekana orodha mbili, ya kwangu juu na ya seva chini, na kila orodha ina Mwanasha wake. Mimi sikuwa nasoma kichwa cha orodha. Nilikuwa na njia nyepesi: Mwanasha wa seva alikuwa amewaka wakati wote, wa kwangu alikuwa amezimwa. Aliyezimwa ni wangu. Miezi tisa njia hiyo haikunikosesha.

Siku yenyewe tulikuwa tumetangaziwa kwamba stima itakatwa asubuhi. Bakari, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi safi, aliwazima wote kwa utaratibu kabla haijakatika, Mwanasha wa seva akiwemo. Stima iliporudi, aliiwasha seva, akasema mashine za ndani ataziwasha akimaliza kuvuta waya kwenye dari la darasa la nyuma, ambalo halikuwa na mtu. Mimi nilikuwa na darasa la vitendo siku ya pili, diski yangu imejaa, nahitaji nafasi. Nikafungua dirisha. Nikamtafuta Mwanasha aliyezimwa. Jicho langu lilitua orodha ya chini. Nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kufuta. Likatokea dirisha dogo, na ndani yake kisanduku kinachosema faili za diski zifutwe pia, na kisanduku hicho huwa kimeshatiwa alama na programu yenyewe, huhitaji kukigusa. Sikukigusa. Likauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Kazi nzima ilichukua muda wa kumeza mate.

Nilijua mara moja, kwa sababu orodha ya juu haikupungua. Mwanasha wangu alikuwa bado yupo pale, amezimwa, na diski yangu bado imejaa. Nikasoma kichwa cha orodha ya chini kwa mara ya kwanza katika miezi tisa. Alama za vitendo za mihula miwili na nusu, za wanafunzi wa fani zote, zilikuwa ndani ya faili ambalo halipo. Unaweza kuuliza, hamkuwa na nakala? Ni swali zuri. Bakari alikuwa akichukua picha za hali ya mashine kila Ijumaa, lakini picha hizo hukaa ndani ya faili lile lile la diski. Likienda, nazo zimekwenda. Hilo mimi sikulijua, yeye alilijua vizuri, na ndiyo maana aliandika mara mbili kuomba diski ya nje, na mara mbili mkuu wa chuo akaiweka barua kando. Nakala yangu ilikuwa ya mwanzo wa mwaka, tupu, vyumba bila watu.

Nitakueleza nilichofanya, kwa mpangilio. Nilifunga dirisha. Nilisimama, nikaenda kwenye bomba nikanawa mikono kwa sabuni. Nilikwenda kwa Mama Saumu nikaagiza chai ya rangi, nikainywa yote, na viazi vya karai viwili. Nilikuwa nikila niliposikia sauti ya Bakari ukumbini, "Mejumaa! Njoo, Mwanasha haonekani!" Nikaja mbio. Nilikuja mbio, fahamu hilo, kama mtu anayekimbilia habari asiyoijua. Alikuwa ameketi mbele ya seva na vumbi la dari kwenye nywele zote. Alijaribu kila njia mpaka wakati wa alasiri, mimi nikimshikia tochi, nikimletea maji, nikisema, "Jaribu na hii, kaka." Alipoacha, aliweka mikono mapajani akaitazama ile sanamu yenye kofia yake. Hakuniuliza. Angeniuliza pale, sisi wawili, naamini ningesema. Lakini haikuwa kazi yake kuuliza. Ilikuwa yangu kusema, na nafasi ilikuwa moja.

Siku mbili baadaye mkuu wa chuo alimleta mtaalamu kutoka Mombasa, naye akachapisha ukurasa mmoja kutoka kumbukumbu za seva. Tukaitwa ofisini. Juu ya meza palikuwa na ule ukurasa na sahani ya kaimati ambayo hakuna aliyeigusa. Mtaalamu alikuwa ameshaondoka. Mkuu alikuwa mtu wa haraka, na sasa nafahamu haraka yake ilitoka wapi. Zile barua mbili za diski zilikuwa ndani ya mtoto wa meza yake.

"Bakari, hapa pameandikwa aliyeingia na kufuta ni akaunti ya nani?"

"Yangu, mkuu."

"Ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Darini, darasa la nyuma."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Nywila yako anayo mtu mwengine?"

Bakari aliacha kumtazama mkuu. Kisha akanigeukia. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, na sasa najua jina la mtazamo ule. Ndivyo unavyomtazama mwanafunzi anayelijua jibu, ukampa muda ainue mkono. Hapakuwa na kulaumu ndani yake. Mkuu naye akanitazama.

"Mejumaa, weye ndiwe ulofanya kazi naye. Unajua lolote juu ya jambo hili?"

"Sijui, mkuu."

"Huna la kumsemea?"

"Sina."

Maneno mawili, hata hayajai mdomo. Bakari aligeuza uso wake taratibu, akamwambia mkuu, "Akaunti ni yangu. Andika hivyo." Yakaandikwa. Wanafunzi walirudia mitihani ya vitendo kwa wiki tatu, wakilalamika kwenye kila kona, na kila walipolalamika walilitaja jina lake. Siku ile tuliyoitwa ofisini, mchana, nilikwenda kantini peke yangu. Mama Saumu alinipakulia wali kwenye sahani ndogo, ya mtu mmoja, akaisukuma mbele yangu bila mzaha wowote. Hakuwa na alilojua. Lakini nilitamani anitukane.

Bakari alipewa mpaka mwisho wa wiki. Alitumia siku hizo kuniandikia jinsi kila kitu kilivyowekwa kwenye seva, hatua kwa hatua, ili nisihangaike. Siku ya mwisho alichukua kofia yake kwenye ile sanamu, akasimama mlangoni. Karai la kiyoyozi lilikuwa limejaa na kila mmoja wetu aliona, hakuna aliyekwenda kulimwaga.

"Huna la kuniambia, Mejumaa?"

"Safari njema, kaka."

"Haya," akasema.

Nilithibitishwa kazini mwezi uliofuata. Barua yangu ilikuwa fupi na ya heshima. Baadaye nilisikia kwamba Bakari amekwenda Mackinnon Road, kwamba ana kibanda kando ya barabara kuu anatengeneza simu na kuwachapishia madereva wa malori karatasi zao, kwamba chuo chengine hakikumchukua kwa sababu ya kilichoandikwa. Mwaka mmoja nilipanda basi kwenda Nairobi, likasimama pale watu wanunue maji. Nilimwona. Alikuwa ameinama juu ya simu ya mtu, akimwelezea jambo kwa kidole, polepole, na yule mtu anatikisa kichwa kwamba amefahamu. Nilivuta pazia la dirisha la basi. Mlango ulikuwa wazi muda wa kutosha kunywa chai. Tangu hapo nikipanda basi la usiku au la mchana nachagua upande mwengine.

Kila mwaka nafundisha somo hili. Nafika kwenye dirisha la kufuta, nawaonyesha kile kisanduku, nawaambia, "Kuna kijana mmoja aliwahi kubonyeza hapa bila kusoma." Wanafunzi hucheka na kuandika. Kijana mmoja. Kwa miaka yote hiyo nimelisema hilo mbele ya darasa, na kila aliyewahi kusikia kisa cha chuo chetu alijua kijana huyo ni nani, au alidhani anajua. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo hasa. Sikumnyamazia mara moja. Nimekuwa nikimsingizia kila mwaka, kwa sauti nzuri, nikiwa na chaki mkononi.

Baada ya maziko nilirudi Munje kumtazama mjane wake, Bi Fatuma, aliyekuwa ameingia edani, haruhusiwi kutoka nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Nilimkuta chumbani anachagua mchele kwenye uteo, amejitanda nguo nyeupe. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watoto. Kisha nikamwambia. Nilimweleza lote, orodha mbili, aliyezimwa, chai niliyoinywa, ofisi ya mkuu. Hakuacha kuchagua mchele. Nilipomaliza alitoa chenga moja, akaiweka pembeni.

"Hilo nalijua," akasema, "tangu siku za kwanza za ndoa."

"Alikwambia?"

"Alinambia. Nikamwuliza, mbona hukumtaja? Akasema, mwenyewe atasema, ni mwoga lakini si mbaya. Mwaka wa kwanza akasema hivyo. Mwaka wa pili akasema hivyo. Likisimama basi, akiona mwanamke mwenye miwani kama yako anashuka, huinua kichwa." Akatikisa uteo. "Halafu akaacha kusema. Kuinua kichwa hakuacha."

"Nisamehe, Bi Fatuma."

"Mimi? Mimi hukunikosea kitu, dada. Ulinipa mume. Angethibitishwa huko kwenu, kwetu Mackinnon Road angefuata nini?" Hakucheka. "Unayemtaka hayupo. Sogea kidogo, wanizibia mwangaza."

Nikasogea. Nilikaa mpaka mchele ukaisha, nikamsaidia kuupeta, naye hakunifukuza wala hakunikaribisha tena. Niliporudi chuoni niliandika barua kwa mkuu wa sasa, nikaeleza yaliyotokea na jina la aliyefanya. Alinijibu kwa upole kwamba faili za watumishi wa wakati ule hazipo tena, hapana pa kusahihisha. Kwa hiyo nimekueleza wewe, na kuanzia muhula ujao darasani sitasema kijana mmoja. Nitasema mimi.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ikiwa unataka kuweka vifaa hivi kwenye Linux yako, viweke, si vigumu, na usiogope kuuliza. Lakini kuna hatua moja mimi na Bakari tuliiruka kwa kuwa barua ilichelewa. Kabla hujafungua virt-manager mara ya kwanza, nenda kwa msimamizi wa seva umwombe akaunti yako, hata kama mwenzako amekupa ya kwake kwa moyo mweupe. Msubiri msimamizi hata wiki. Akishaifungua, mwambie aandike kwenye dirisha la amri, sudo usermod -aG libvirt, kisha nafasi, kisha jina lako, lile lako, herufi kwa herufi, amri inayokutia katika kundi la wanaoruhusiwa kusema na yule mwangalizi wa nyumba. Abonyeze kitufe cha kuingiza. Wewe toka kwenye kompyuta kabisa, uingie upya, kisha andika id uone kama kundi la libvirt limetokea kando ya jina lako. Likiwa limetokea, anza kazi.